Timu yako imeanza makundi kwa vichapo viwili? Misimu ya nyuma ya Simba na Yanga inasema hivi

Kichapo cha kwanza analaumiwa refa. Cha pili analaumiwa kocha. Baada ya hapo zinaanza hesabu.

Kama wewe ni shabiki wa Simba au Yanga unalijua hili vizuri. Timu ikipoteza mechi mbili za mwanzo kwenye hatua ya makundi ya mashindano ya CAF, grupu la WhatsApp linakaa kimya siku nzima. Halafu kesho yake mtu mmoja anatupia picha ya msimamo wa zamani na kuandika: "Tulieni, hata 2023 tulianza hivihivi."

Watani wanacheka. Ila wenye timu yao wanaishika hiyo picha kama dawa.

Swali ni je, hiyo dawa inatibu kweli? Au tunajifariji tu?

Jibu fupi: matumaini yapo, na ushahidi upo. Lakini ukiangalia vizuri misimu ya nyuma utaona kwamba haisemi "mtafuzu". Inakuonyesha ni wapi pointi zilipatikana, wapi zilidondoshwa, na kwa nini timu mbili zilizoanza vibaya sawasawa ziliishia sehemu tofauti.

Twende taratibu.

Kwanza, makundi yanavyofanya kazi

Kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, kundi lina timu nne. Kila timu inacheza mechi sita: tatu nyumbani, tatu ugenini. Wawili wa juu wanakwenda robo fainali, wawili wa chini wanarudi nyumbani.

Pointi zote zilizopo mezani ni 18. Ukifungwa mechi mbili za kwanza, zimebaki 12.

Kuna mambo mawili ambayo mashabiki wengi huyasahau.

La kwanza: kwenye makundi tutakayoyaangalia hapa, mechi ya tatu na ya nne ni dhidi ya timu moja. Unamfuata kwao, kisha anakuja kwako, au kinyume chake. Ukimpiga mara mbili, umevuna pointi sita na yeye umemnyima sita. Hakuna sehemu ya kundi ambayo msimamo unaweza kugeuka haraka kama hapo.

La pili: timu zikilingana pointi, kinachoangaliwa kwanza ni matokeo baina yao, siyo jumla ya mabao ya kundi zima. Kwa hiyo bao moja dhidi ya mpinzani wako wa karibu linaweza kuwa na thamani kuliko mabao matano dhidi ya anayeburuza mkia.

Yashike hayo mawili. Tutayarudia.

Simba 2022/23: msimu ambao kila mtu anautaja

Huu ndio msimu wa ile picha ya WhatsApp.

Februari 11, 2023 Simba ililala 1-0 mbele ya Horoya kule Guinea. Wiki moja baadaye, Raja Casablanca wakaja Uwanja wa Benjamin Mkapa na kuondoka na ushindi wa 3-0. Mechi mbili, pointi sifuri, bao sifuri, mabao manne ya kufungwa. Ule msemo wa "kwa Mkapa hatoki mtu" ukageuzwa kijembe, maana Raja walikuja na wakatoka, tena wakiwa na furaha.

Kocha alikuwa mgeni. Mbrazil Roberto Oliveira, maarufu Robertinho, alijiunga na Simba Januari mwaka huohuo akitokea Vipers ya Uganda.

Na ratiba ilisemaje? Mechi ya tatu na ya nne: Vipers.

Simba ikaenda Uganda ikashinda 1-0, bao la beki Henock Inonga. Vipers wakaja Dar es Salaam, Simba ikashinda tena 1-0, bao la Clatous Chama. Hazikuwa mechi za kuvutia, lakini ziliingiza pointi sita.

Hapa kuna kitu cha kuangalia kwa makini. Baada ya mechi nne, Simba ilikuwa na mabao mawili tu. Mawili! Lakini ilikuwa na pointi sita na ilikuwa mbele ya Horoya. Timu haikuwa imeanza kucheza mpira wa kutisha. Ilikuwa imeacha kufungwa.

Machi 18 ikaja ile mechi. Simba 7, Horoya 0. Chama alifunga matatu, Jean Baleke mawili, Sadio Kanoute mawili. Simba ikafuzu robo fainali ikiwa bado na mechi moja mkononi. Ile mechi ya mwisho ilipoteza 3-1 kwa Raja na haikubadilisha kitu.

Hesabu ya mwisho: Raja 16, Simba 9, Horoya 7, Vipers 2.

Robo fainali Simba iliifunga Wydad Casablanca 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 Morocco, ikatolewa kwa penalti 4-3. Lakini hakuna aliyesema tena habari za Februari.

Yanga 2024/25: mwanzo uleule, mwisho mwingine

Sasa tuvuke upande wa pili wa Kariakoo.

Novemba 2024 Yanga iliachana na kocha Miguel Gamondi na kumleta Sead Ramović, siku chache tu kabla ya makundi kuanza. Mechi ya kwanza, Al Hilal ya Sudan ikashinda 2-0 Dar es Salaam. Ya pili, MC Alger ikashinda 2-0 Algeria.

Mechi mbili, pointi sifuri, bao sifuri, mabao manne ya kufungwa. Ni nakala ya Simba ya 2023, hata idadi ya mabao ni ileile.

Unadhani Wananchi walifanya nini? Walitafuta matumaini kwenye misimu ya nyuma kama kila mtu. Wengine walilazimika kuazima mfano wa mtani, jambo ambalo kwa shabiki wa Yanga linauma kuliko kichapo chenyewe.

Na kwa kweli timu ilijibu. Mechi ya tatu kule Lubumbashi, TP Mazembe ilikuwa inaongoza mpaka Prince Dube aliposawazisha dakika za nyongeza, ikawa 1-1. Mechi ya nne, Januari 4, 2025, Yanga ikaipiga Mazembe 3-1 kwa Mkapa; Clement Mzize mabao mawili, Stephane Aziz Ki moja. Mechi ya tano Yanga ikawafuata Al Hilal Nouakchott, Mauritania, ambako Wasudan hao walikuwa wakichezea mechi zao za nyumbani kwa sababu ya vita nchini kwao. Aziz Ki akafunga mapema, Yanga ikashinda 1-0.

Kutoka pointi sifuri hadi saba. Ikabaki mechi moja: MC Alger, nyumbani, Januari 18. Waalgeria walikuwa na pointi nane. Yanga ilihitaji ushindi wa aina yoyote. Hata 1-0 ya kubahatisha ingetosha.

Ikaisha 0-0.

Hesabu ya mwisho: Al Hilal 10, MC Alger 9, Yanga 8, Mazembe 5. Yanga nje.

Tofauti yao ni pointi moja

Weka misimu hiyo miwili pembeni kwa pembeni.

Baada ya kupoteza mechi mbili za kwanza, Simba ilikusanya pointi 9 kati ya 12 zilizobaki. Yanga ilikusanya 8 kati ya 12. Tofauti ni pointi moja. Mmoja akaenda robo fainali na anasimuliwa mpaka leo. Mwingine akatolewa, na kampeni yake haitajwi sana ingawa katika mechi tatu za mwisho alifungwa bao moja tu.

Ilitofautiana wapi? Mechi ya tatu na ya nne. Simba ilichukua sita kwa Vipers. Yanga ilichukua nne kwa Mazembe. Zile pointi mbili za Lubumbashi ndizo zilizokosekana mwishoni. Ukiongeza mbili kwenye nane unapata kumi, na kumi ingewavusha.

Lakini ngoja, kuna upande mwingine. Ukiichukua Yanga ile yenye pointi nane na kuangalia kundi la Simba la 2023, wa tatu pale alimaliza na saba. Yaani pointi nane zingetosha. Kwenye kundi la Yanga hazikutosha kwa sababu MC Alger walifika tisa.

Hii ndiyo sehemu ambayo picha ya msimamo wa zamani haikuambii. Timu yako inaweza kufanya yake yote na bado hatima ikategemea wengine wawili wanafanyiana nini huko kwingine.

Pointi nane zilizotosha: Yanga 2023/24

Unataka uthibitisho? Rudi nyuma msimu mmoja tu.

Yanga ilianza makundi ya 2023/24 kwa kulala 3-0 kwa CR Belouizdad ya Algeria. Ikafuata sare ya 1-1 na Al Ahly nyumbani, kisha 1-1 na Medeama ugenini Ghana. Mechi tatu, pointi mbili. Ilikuwa mara ya kwanza Yanga kucheza hatua hiyo ya Ligi ya Mabingwa tangu 1998, kwa hiyo wengi walishasema "tumefika, inatosha."

Mechi ya nne, Medeama 3-0. Halafu Februari 24, 2024 Belouizdad wakaja Dar es Salaam.

Hapa ndipo ile kanuni ya matokeo baina yao inapoingia. Yanga ilikuwa imefungwa tatu kule. Ushindi wa 1-0 au 2-0 ungewapa pointi tatu, lakini Waalgeria wangebaki juu yao endapo wangelingana pointi mwishoni.

Yanga ikafunga manne. 4-0. Matokeo baina yao yakawa 4-3 kwa faida ya Yanga, na tiketi ya robo fainali ikakatwa usiku uleule. Mwisho wa kundi, Yanga ilikuwa na 8 na Belouizdad ilikuwa na 8. Bao la nne ndilo lililowatenganisha.

Kwa hiyo klabu moja, ikiwa na pointi nane zilezile, ilifuzu 2024 na ikatolewa 2025. Ukisikia mtu anasema kwa uhakika "nane zinatosha", muulize: kwenye kundi gani?

Na Simba nayo ilipita mlango huohuo

Msimu huohuo wa 2023/24 Simba ilikuwa kwenye shida yake. Novemba ilikuwa imetoka kupigwa 5-1 na Yanga kwenye ligi, kibarua cha Robertinho kikaota nyasi, na Abdelhak Benchikha akapewa timu mwezi huohuo.

Makundi yakaanza: sare ya 1-1 na ASEC Mimosas, suluhu na Jwaneng Galaxy, kichapo cha 1-0 kwa Wydad. Mechi tatu, pointi mbili, hakuna ushindi.

Mechi ya nne, Wydad wakaja kwa Mkapa. Willy Onana akafunga mawili, Simba ikashinda 2-0. Ikafuata suluhu na ASEC, kisha Jwaneng akapigwa 6-0.

Simba ikamaliza na pointi 9. Wydad nao wakamaliza na 9. Matokeo baina yao: Simba 2, Wydad 1. Mnyama akapita.

Sasa jiweke upande wa shabiki wa Wydad. Timu yake ilikuwa bingwa wa Afrika 2022 na ilicheza fainali 2023. Ilianza kundi kwa kupoteza mechi mbili, ikapambana, ikafikisha pointi tisa, sawa kabisa na zile zilizoivusha Simba mwaka mmoja kabla. Ikatolewa kwa tofauti ya bao moja. Kule Casablanca nako bila shaka kuna waliokuwa wakiambiana "tulieni, tutarudi." Walirudi kweli. Ila walichelewa.

Siri ya mechi ya nne

Ukipanga kampeni sita za Simba na Yanga ambazo timu ilijikuta kwenye presha mapema, kitu kimoja kinajirudia. Angalia matokeo ya mechi ya nne:

- Simba 2018/19: Al Ahly 1-0
- Simba 2022/23: Vipers 1-0
- Yanga 2022/23 (Kombe la Shirikisho): Real Bamako 2-0
- Yanga 2023/24: Medeama 3-0
- Simba 2023/24: Wydad 2-0
- Yanga 2024/25: TP Mazembe 3-1

Zote sita zilichezwa Uwanja wa Mkapa. Zote sita ni ushindi. Timu tano kati ya hizo zilifuzu robo fainali.

Simba ya 2018/19 inastahili kutajwa zaidi. Iliifunga JS Saoura 3-0 mechi ya kwanza, halafu ikapigwa 5-0 na AS Vita na 5-0 nyingine na Al Ahly. Mabao kumi ndani ya mechi mbili! Nani angeipa nafasi? Lakini ilishinda mechi zake zote tatu za nyumbani na kupoteza zote tatu za ugenini. Ugenini ilifungwa jumla ya mabao 12 na haikufunga hata moja. Ikamaliza na pointi 9, nafasi ya pili, robo fainali.

Na Yanga ya Kombe la Shirikisho 2022/23 ilianza kwa kulala 2-0 kwa US Monastir ya Tunisia. Haikupoteza tena kwenye kundi. Ikamaliza na pointi 13 na kufika hadi fainali, ambako USM Alger ilitwaa kombe kwa faida ya mabao ya ugenini.

Kwa hiyo mechi ya nne nyumbani ni kama mlango. Ukiikosa, umefungiwa nje. Ukiipata, umeingia sebuleni tu, bado hujafika mezani. Yanga ya 2025 iliipata na bado ikalala njaa.

Tahadhari kidogo: kampeni sita ni chache. Huwezi kuzigeuza kuwa sheria. Zinakuonyesha njia iliyowahi kupitika, siyo kwamba lazima upite na wewe.

Mifano ambayo haifanani

Wengi wetu tuna timu mbili, ya hapa na ya Uingereza, na tunachanganya matumaini yake. Ndiyo maana kila msimu utasikia mtu akisema: "Mbona Arsenal ilifungwa tatu za kwanza ikarudi?"

Ni kweli. Agosti 2021 Arsenal ilifungwa na Brentford 2-0, Chelsea 2-0 na Manchester City 5-0. Ilikuwa mkiani, haijafunga hata bao. Ikamaliza nafasi ya tano na pointi 69.

Lakini baada ya vichapo vile vitatu, Arsenal ilibakiwa na mechi 35. Kwenye makundi ya CAF, baada ya vichapo viwili umebakiwa na nne. Mechi mbili kati ya sita ni theluthi moja ya safari. Kwa ligi ya mechi 38, hiyo ni sawa na kupoteza karibu mechi 13 mfululizo. Hapo hata Arsenal isingerudi.

Tena msimu uleule wa Arsenal, Norwich City nao walianza kwa kufungwa, mechi sita mfululizo. Walimaliza wa mwisho na pointi 22 na kushuka daraja. Hakuna anayetuma picha ya Norwich kwenye grupu.

Mfano mwingine maarufu ni Ivory Coast. Januari 2024, wakiwa wenyeji wa AFCON, walifungwa 1-0 na Nigeria kisha 4-0 na Guinea ya Ikweta. Kocha akaondoka katikati ya mashindano. Mwezi mmoja haukupita wakawa mabingwa wa Afrika chini ya Emerse Faé.

Inatia moyo, sawa. Ila Ivory Coast walipita kama moja ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu. AFCON ina dirisha hilo. Kundi la Ligi ya Mabingwa halina. Ukiwa wa tatu, hata kwa pointi moja, unapanda ndege. Waulize Yanga.

Kwa nini tunakumbuka 7-0 na siyo 0-0

Hapa ndipo kuna mtego.

Bado kuna watu wana klipu ya Simba 7, Horoya 0 kwenye simu zao. Ni nani ana klipu ya Yanga 0, MC Alger 0? Ushindi unahifadhiwa, unatumwa, unawekwa status. Suluhu ya kutolewa inafutwa ili kupata nafasi kwenye simu.

Matokeo yake, tukirudi nyuma kutafuta matumaini tunakuta waliorudi tu. Waliozama hawapo kwenye albamu. Vipers walimaliza lile kundi la 2023 na pointi mbili. Nao walikuwa na mashabiki, nao walipiga hesabu. Hesabu zao hazikumfikia mtu.

Siyo kosa kukumbuka mazuri. Ndivyo shabiki anavyoishi. Kila mtu angekumbuka mabaya tu, viwanja vingebaki vitupu. Tatizo linaanza pale kumbukumbu inapogeuzwa kuwa uhakika, halafu uhakika ukawekwa kwenye mkeka.

Hili linatokea sana. Timu imefungwa mbili, odi zake zimepanda, na mtu anajisemea, "Historia inaonyesha tutashinda mechi ya nne, naweka yote." Kumbuka kampuni ya kubeti nayo imeiona historia hiyohiyo, na haikulipi kwa kuwa mwaminifu kwa klabu. Matumaini ya robo fainali ni yako, yafurahie. Kodi ya nyumba usiyahusishe nayo.

Maswali matano kabla ya kutuma ile picha

Safari nyingine timu yako ikianza kwa vichapo, badala ya kusema "hata 2023 tulianza hivi", jiulize haya:

1. Mechi ya tatu na ya nne ni dhidi ya nani? Simba ya 2023 ilikutana na Vipers, timu iliyomaliza mkiani. Kama wewe unakutana na kinara wa kundi, mfano wa Simba haukuhusu moja kwa moja.

2. Aliye nafasi ya pili ana pointi ngapi? Usiangalie kinara. Kinara anaweza kukimbia na 16 na isikuhusu. Anayekuhusu ni yule unayegombea naye kiti.

3. Ulifungwa ngapi na mpinzani wako wa karibu? Kipigo cha 1-0 kinafutika kwa 2-0. Cha 3-0 kinataka manne, kama ilivyoitaka Yanga. Ndiyo maana bao la kufutia machozi ugenini siyo la kudharau.

4. Mechi ngapi za nyumbani zimebaki? Simba ya 2018/19 ilifuzu kwa mechi za nyumbani pekee. Ukiwa umeshapoteza moja nyumbani, zimebaki mbili, na lazima uokote kitu ugenini.

5. Kuna kilichobadilika? Simba ya 2022/23, Simba ya 2023/24 na Yanga ya 2024/25 zote zilikuwa na makocha wapya kabisa makundi yalipoanza. Kwa timu ya aina hiyo, kichapo cha mwanzo kinaweza kuwa ni ugeni, na ugeni unaisha. Kama kocha ni yuleyule, kikosi kilekile na makosa yaleyale, muda peke yake hautibu.

Ukipata majibu mazuri kwa matatu kati ya hayo, tuma picha kwa kujiamini. Ukipata moja, tuma tu vilevile, lakini usibishane sana na watani.

Kwa hiyo, tuamini au tusiamini?

Kwenye kampeni hizi sita, hakuna timu iliyotolewa na vichapo vya mwanzo peke yake. Hata Yanga ya 2025, iliyoanza vibaya kuliko nyingi, ilifika dakika ya 90 ya mechi ya sita ikiwa bado inahitaji bao moja tu. Uwanja ule ulikuwa na watu waliokuwa na haki ya kuamini mpaka filimbi ya mwisho, na hawakuwa wajinga.

Lakini pia hakuna iliyofuzu kwa sababu ya historia. Inonga alifunga Uganda akiwa hajui kwamba wiki tatu baadaye kutakuwa na 7-0. Yanga ilitafuta bao la nne dhidi ya Belouizdad bila kujua kwamba mwisho wa kundi zitalingana nane kwa nane.

Yanga, kwa taarifa, ilimaliza msimu ule wa 2024/25 ikiwa bingwa wa Tanzania kwa mara ya nne mfululizo. Maumivu ya Januari hayakuua msimu.

Basi kama timu yako imepoteza mbili za mwanzo, fungua ratiba kabla ya kufungua albamu ya picha. Angalia mechi ya tatu na ya nne ni lini, na ni na nani. Kama ya nne ni kwa Mkapa, nunua tiketi yako mapema.